Maswali ya Wazazi: Karatasi za Shule Kati ya Machi na Mei

Kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, mkoba wa mtoto wa darasa la tano hadi la nane katika shule za Marekani hujaa karatasi. Humo mna fomu ya kuchagua masomo, barua ya chanjo, ratiba ya mitihani ya jimbo, mwaliko wa kikao. Wazazi wengi wanaotuandikia huziweka kando wakingoja Agosti, mwaka mpya utakapofunguliwa. Agosti huwa wamechelewa: nafasi za hesabu za juu zimeshagawanywa, kliniki zina foleni ndefu, timu za michezo zimeshaanza mazoezi. Kwa hiyo safari hii ukurasa wote tumewaachia wazazi wa shule za kati.

Mwanangu wa pili anaingia darasa la saba mwaka ujao. Muuguzi wa shule ameleta barua kwamba chanjo hazijatimia. Nina kadi yake ya kliniki ya Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania, imejaa, hata ya surua alichomwa mara mbili. Mbona wanataka kumchoma tena?
*Mama, Columbus, Ohio*

Mama, kadi yako ni halali na hakuna anayesema mtoto hakuchanjwa. Shida ni kwamba kanuni za nchi mbili hazilingani. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hutoa chanjo ya kwanza ya surua mtoto akiwa na miezi 9, kwa kuwa ugonjwa huo kule huwapata watoto mapema. Marekani haihesabu dozi ya surua iliyotolewa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Husamehe upungufu wa siku 4 tu. Kadi yenye dozi ya miezi 9 na ya miezi 18, muuguzi wa Ohio huisoma kuwa na dozi moja. Tena sindano ya kwetu huwa ni ya surua peke yake, au surua na rubela. Shule inadai MMR, yenye surua, rubela na matumbwitumbwi, kwa hiyo hata surua ikikubaliwa, matumbwitumbwi bado inadaiwa. Mtoto mwenye kinga tayari hadhuriki kwa kuongezewa MMR.

Kabla hujakubali sindano, hakikisha kwanza tarehe zimesomwa sawasawa. Kliniki zetu huandika siku kisha mwezi, Wamarekani huandika mwezi kisha siku. Mtoto aliyezaliwa Aprili 2014 na kuchanjwa 02/05/2014, yaani tarehe mbili Mei, kwenye kompyuta ya shule ataonekana alichanjwa Februari, kabla hajazaliwa, na dozi hiyo itakataliwa. Dozi nyingine zitaonekana zimekaribiana mno na kukataliwa vilevile. Toa nakala ya kadi, na kwenye nakala hiyo andika jina la mwezi kwa Kiingereza mbele ya kila tarehe. Kadi yenyewe usiiguse kwa kalamu.

Kisha fungua ule mfuko wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, mliosafiri nao. Wakimbizi wengi waliokuja miaka ya karibuni walichanjwa kabla ya kupanda ndege, na chanjo hizo ziliandikwa kwenye fomu DS-3025, iliyomo katika karatasi za uchunguzi wa afya. Familia nyingi zimeipeleka shuleni kadi ya kambini na kuiacha fomu hii kabatini, ilhali ndiyo ambayo wauguzi wa Marekani wanaijua.

Hata kumbukumbu zote zikikubaliwa, darasa la saba Ohio lina chanjo zake mbili: dozi moja ya Tdap, ambayo ni ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, na dozi moja ya MenACWY, ya homa ya uti wa mgongo. Texas na Iowa zinadai hizohizo. New York huanza kudai Tdap darasa la sita na ya uti wa mgongo darasa la saba. Hizi mtoto hawezi kuwa nazo kwenye kadi ya utotoni, maana hutolewa akifika umri wa miaka 11 hivi.

Tunakusihi uanze Aprili kwa sababu ya hesabu ya siku. Dozi mbili za MMR lazima zipishane siku 28 au zaidi. Anayeanza wiki ya mwisho ya Julai hatakuwa amemaliza shule inapofunguliwa, na Ohio inamruhusu mtoto ambaye hajakamilisha wala hajaanza utaratibu wa chanjo kukaa darasani siku 14 tu. Gharama isikuzuie. Tangu 1994 kuna mpango wa taifa unaotoa chanjo bure kwa walio chini ya miaka 19 wenye Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au wasio na bima. Kliniki inaweza kuomba ada ndogo ya kuchoma, lakini hairuhusiwi kumrudisha mtoto kwa sababu mzazi ameshindwa kuilipa. Ukitoka hapo, omba chanjo za zamani na mpya ziingizwe kwenye daftari la chanjo la jimbo na uchapiwe nakala. Mkihamia mji mwingine hutaanza upya.

Surua si ya kupuuza. Mlipuko ulioanza magharibi mwa Texas Januari 2025 ulipita wagonjwa 700, na watoto wawili wa umri wa kwenda shule walifariki. Mtoto asiye na chanjo akikaa karibu na mgonjwa, kwa kawaida huzuiwa kuja shule siku 21.

Jambo la pembeni: wakitaka kumpima kifua kikuu, waambie ana kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na uombe kipimo cha damu. Kile cha kuchoma ngozi ya mkono huweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, mtoto akapigwa eksirei na kupewa dawa za miezi bila haja.

Mtoto yuko darasa la tano. Shule imetuma fomu ya kuchagua masomo ya darasa la sita. Kuna hesabu ya kawaida na hesabu ya juu. Mwalimu anasema aanze na ya kawaida kwanza kwa sababu Kiingereza chake bado. Tufuate?
*Baba, Fort Worth, Texas*

Baba, usisaini hiyo fomu kabla ya kuuliza alama zake za hesabu. Kiingereza kichanga si sababu ya kumnyima mtoto hesabu anayoiweza.

Uone kwanza njia inakoelekea. Mtoto wa hesabu ya juu darasa la sita husoma Aljebra ya Kwanza darasa la nane, Jiometri la tisa, Aljebra ya Pili la kumi, na akifika la kumi na mbili anagusa kalkulasi, ambayo vyuo vya uhandisi na udaktari huitazama sana. Wa hesabu ya kawaida huanza Aljebra darasa la tisa na mara nyingi humaliza shule bila kuifikia kalkulasi. Kuruka kutoka njia moja kwenda nyingine baadaye kunawezekana, lakini humgharimu mtoto masomo ya likizo au vipindi viwili vya hesabu kwa siku.

Texas ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoitaka wilaya imwingize yenyewe katika hesabu ya juu ya darasa la sita kila mtoto aliyekuwa miongoni mwa asilimia 40 ya juu kwenye STAAR, mtihani wa jimbo, wa hesabu wa darasa la tano, au kwenye kipimo cha wilaya cha kazi za darasa hilo. Mzazi ndiye anayeweza kumtoa. Sheria haisemi lolote kuhusu kumngoja aive Kiingereza.

Panapokwama ni kwenye kalenda. Fomu inajazwa Februari au Machi, mtihani unafanywa Aprili, matokeo yanatoka Juni. Kwa hiyo jina la mtoto linaweza kubaki kwenye orodha ya kawaida hata baada ya alama nzuri kufika, hasa shule ya msingi na shule ya kati zikiwa ni majengo mawili. Fanya hivi: sasa, jaza hesabu ya juu. Juni, chukua karatasi ya matokeo au ifungue kwenye tovuti ya wazazi. Alama zikiwa nzuri, mwandikie mshauri wa wanafunzi wa shule *anayokwenda*, uambatanishe karatasi, uombe jibu la maandishi. Mkihama wilaya kiangazi, karatasi hiyo iende na wewe mkononi, kwa kuwa faili lake huenda likachelewa.

Uliza pia kipindi cha Kiingereza cha wageni kitachukua nafasi ya somo gani. Aghalabu huondolewa muziki, sanaa au ufundi, na hilo linavumilika kwa mwaka mmoja au miwili. Kikiondolewa kipindi cha sayansi, kataa.

Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, alifika Oktoba, yuko darasa la sita. Tumeletewa barua ya mitihani ya jimbo. Hajui kusoma Kiingereza hata ukurasa mmoja. Atafeli, atarudishwa darasa?
*Mama mdogo, Buffalo, New York*

Pole kwa msiba, mama. Mtoto wako ana nafuu ambayo huenda barua haikuieleza vizuri.

Sheria ya taifa inataka watoto wote wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka. Aliyekaa shule za Marekani chini ya miezi 12 anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja, na New York inatoa msamaha huo. Badala yake atafanya NYSESLAT, mtihani wa wanaojifunza Kiingereza, wenye sehemu nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Ule wa kuzungumza hufanywa mapema, mtoto na mwalimu wawili tu. Mweleze hivyo nyumbani, kwa sababu watoto wetu wakiitwa peke yao chumbani na mtu mzima wasiyemzoea hunyamaza, na kimya hupewa sifuri. Ajibu hata kwa neno moja.

Hesabu haisamehewi. Lakini pale ambapo lugha ya mtoto haina karatasi ya mtihani iliyotafsiriwa, jimbo linaruhusu mtafsiri amsomee maswali kwa mdomo. Shule isiyo na mtu wa Kiswahili inahitaji wiki kadhaa kumpata, basi omba leo, kwa maandishi, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mtafsiri wa Nairobi na mtoto wa Bukavu wanaweza kusumbuana kwenye majina ya hesabu, kwa kuwa mtoto wa Kongo alisoma hesabu kwa Kifaransa. Kama alifundishwa kwa Kifaransa, sema hivyo waziwazi, huenda ndiyo lugha inayomfaa mtihanini. Anaruhusiwa pia kamusi ya lugha mbili inayotoa neno kwa neno. Yenye maelezo ya maana haikubaliwi, kwa hiyo mwalimu aione mapema isije ikanyang'anywa mlangoni. Na mtihani huu hauna saa ya kukatisha; mtoto anayeendelea kufanya kazi anaachiwa amalize ndani ya siku ya shule.

Alama hizi hutumika zaidi kuipima shule na kumpangia mtoto msaada. Usimtishe nazo. Alale mapema, anywe chai kabla ya kutoka, simu ibaki nyumbani.

Kikao cha mtoto wangu wa darasa la saba ni mwezi ujao, wanasema wanataka kumpima kama ana tatizo la kujifunza. Kila mara dada yake wa darasa la nane ndiye anatutafsiria. Safari hii ananiambia, mama, sielewi wanachosema.
*Mama, Des Moines, Iowa*

Mwache huyo binti aende darasani kwake. Kikao cha namna hii hakifanywi kwa kinywa cha mtoto. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa asili yake, na Mahakama Kuu ilithibitisha mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, kwamba kumwacha mtoto bila msaada wa lugha ni kumnyima elimu. Kwa wazazi, maana yake ni mkalimani bila malipo. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu nayo inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachoendelea kikaoni.

Andika ujumbe mfupi kwa shule, hata kwa Kiswahili: jina la mtoto, tarehe ya kikao, kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania, na kwamba kama hayupo kikao kisogezwe. Wa kwenye simu anakubalika, ila simu iwe na spika inayosikika chumba kizima na kila mtu aseme kwa zamu. Omba karatasi za siku hiyo siku chache kabla.

Sasa uzito wenyewe. Kuna watoto wenye shida ya kweli ya kusoma ambao shule husema "ni lugha tu" miaka mitatu mfululizo, na kuna wasio na shida yoyote ambao hupewa jina la ulemavu kwa sababu hawajui Kiingereza. Sheria inakataza hili la pili: kutojua Kiingereza hakuwezi kuwa sababu kuu ya kumtaja mtoto kuwa na ulemavu. Kwa hiyo uliza maswali haya: Atapimwa kwa lugha gani? Nani atampima kwa Kiswahili? Mmezingatia miaka aliyokosa shule kambini au njiani? Nawe waeleze wasichokijua. Alianza kuongea lini? Kwa Kiswahili anasimulia jambo likaeleweka? Ukimtuma vitu vitatu anarudi na vitatu? Masikio na macho yamepimwa? Mtoto anayebabaika hata kwa lugha ya mama ni habari tofauti na anayebabaika kwa Kiingereza tu.

Hawawezi kumpima bila saini yako. Ukisaini, kwa kanuni ya taifa wana siku 60 kumaliza, labda jimbo liwe na muda wake. Ukisaini mwanzoni mwa Aprili, sisitiza uchunguzi umalizike kabla ya shule kufungwa, vinginevyo mambo yataburutwa hadi vuli. Kama tayari ana IEP, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu, uliza kama anastahili huduma wakati wa kiangazi. Wasipoulizwa mara nyingi hawasemi. Na karatasi usiyoielewa, ichukue nyumbani. Saini ya kuthibitisha umehudhuria ni tofauti na saini ya kukubali, basi uliza ipi ni ipi.

Tumehama kutoka Phoenix kuja Nashville Januari. Watu wanasema saa inaruka Machi. Inarukaje?
*Baba, Nashville, Tennessee*

Arizona, isipokuwa nchi ya Wanavajo, haibadilishi saa, ndiyo maana hukuliona hilo. Tennessee inabadilisha. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ya pili ya Machi, ikifika saa nane usiku inakuwa saa tisa papo hapo. Simu hujirekebisha zenyewe. Saa ya ukutani na ya jiko hazijui. Jumatatu mtoto ataamka muda wa saa moja kabla mwili wake haujawa tayari, na atangoja basi gizani, kwa hiyo mvalishe nguo inayong'aa na asivuke barabara mpaka dereva ampe ishara. Nairobi iliyokuwa mbele yenu kwa saa 9 inakuwa mbele kwa saa 8, na Bukavu kwa saa 7.

Asalaam aleikum. Watoto wangu wawili wako darasa la sita na la nane. Tunataka kuwapumzisha siku ya Idi, halafu Mei twende Mombasa wiki tatu, nauli ni nafuu kabla ya Juni. Shule itasemaje?
*Mama, Houston, Texas*

Waaleikum salaam. Ni mambo mawili yenye hukumu tofauti, mama.

Idi haina tatizo. Sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi kukosa siku takatifu ya dini yake bila adhabu, pamoja na siku ya kusafiri kwa ajili hiyo, na lazima apewe nafasi ya kufanya kazi alizokosa. Peleka barua mapema. Tarehe hutegemea mwezi kuandama, basi andika siku zote mbili zinazowezekana, kisha piga simu asubuhi yenyewe. Mwezi wa Ramadhani mwambie pia mwalimu wa michezo kama mtoto amefunga, na uombe maktaba badala ya ukumbi wa chakula. Shule hukubali mara nyingi, ila haiwezi kukisia.

Safari ya wiki tatu tungekushauri uisogeze. Siku 15 za shule bila ruhusa zinazidi 10 ndani ya miezi 6, na hapo Texas shule hulazimika kupeleka jina la mtoto mahakama ya utoro. Pili, ili mwanafunzi apate alama ya mwisho ya somo anatakiwa awe amehudhuria asilimia 90 ya siku; katika mwaka wa siku 180 mwisho wa kukosa ni 18, za ugonjwa zikiwemo. Aliyeugua siku tano tu msimu wa baridi ameshapita. Tatu, mitihani ya STAAR ya Aprili huweza kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Na wilaya nyingi humfuta kwenye orodha mtoto asiyeonekana siku nyingi mfululizo, mkarudi mkaanza usajili upya na hata kukosa nafasi shule ileile.

Kama hakuna budi, mathalani msiba, nenda ofisini kabla ya safari na tarehe za kwenda na kurudi, omba kazi za darasani, na upate jibu la maandishi.

Binti yangu anahamia shule ya kati na anaogopa kufuli la kabati kuliko masomo. Amesikia watoto wanachelewa vipindi.
*Baba, Grand Rapids, Michigan*

Hofu yake ina msingi, maana kati ya kipindi na kipindi huwa na dakika chache tu. Nunua kufuli la namba, ni dola chache, afanye mazoezi kiangazi.

Kwenye mengi ya kawaida namba ni tatu. Azungushe kulia, upande inakokwenda mishale ya saa, mizunguko mitatu kamili ili kufuta kilichotangulia, asimame kwenye namba ya kwanza. Kisha kushoto: aipite namba ya kwanza mara moja, aendelee mpaka ya pili. Kisha kulia moja kwa moja hadi ya tatu, avute. Wanaoshindwa karibu wote hukosea palepale pa kushoto. Wanasimama kwenye namba ya pili wanapokutana nayo mara ya kwanza, kabla hawajaupita mzunguko. Kosa lingine ni kupitiliza mstari mmoja kisha kurudi nyuma kidogo. Kurudi hakusaidii, aanze upya tangu kulia mara tatu. Akiweza mara kumi mfululizo bila kuangalia karatasi, hofu imekwisha. Namba hizo asimpe rafiki yeyote.

Nendeni pia siku ya wazazi kutembelea shule mpya, kwa kawaida Aprili au Mei. Ulizeni kama ratiba ina siku A na siku B, kwa sababu masomo hupishana na mtoto hubeba vitu tofauti.

Kijana anataka kucheza soka darasa la saba. Kliniki ya duka la dawa inataka dola 60 kumpima. Na ana pumu.
*Mama, Roanoke, Virginia*

Kama ana Medicaid, usilipe. Uchunguzi wake wa afya wa kila mwaka umeshalipiwa na Medicaid, na daktari anaweza kuijaza fomu ya michezo siku hiyohiyo, mradi uibebe. Sema unapopiga simu ya miadi. Soma kwanza juu ya fomu tarehe gani inaanza kuhesabiwa kwa mwaka ujao, kwani yapo majimbo ambako uchunguzi wa Machi hautambuliki Agosti. Usimfiche daktari habari ya kuzimia, maumivu ya kifua akikimbia, au ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Maswali hayo yapo kwa ajili ya moyo.

Machipuko ni msimu wa chavua, na pumu huamka. Majimbo yote huruhusu mwanafunzi kubeba inhela yake, lakini kwa fomu yenye saini ya daktari na yako, na fomu hiyo hufa kila mwaka wa shule. Omba daktari ajaze mbili kwa mpigo: ya michezo na ya inhela ya mwaka ujao. Dawa nyingine zote, hata kidonge cha mafua ya mzio, ziende kwa muuguzi ndani ya chupa yake ya asili. Siku ya mwisho ya shule zichukue, zinazoachwa hutupwa.

Shule ikifungwa Juni, watoto watakosa chakula cha mchana. Jirani ameletewa kadi ya dola 120 kwa kila mtoto, sisi hatukupata. Tulikosea wapi?
*Baba, Lexington, Kentucky*

Huenda hamkukosea popote. Kadi hiyo, SUN Bucks, ilianza 2024 katika majimbo yaliyokubali kujiunga, na Kentucky ilikuwamo mwaka huo na 2025. Mtoto mwenye SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali, au ambaye mzazi alijaza fomu ya chakula cha shule na akakubaliwa, huingizwa moja kwa moja. Kikwazo ni hiki: shule nyingi hulisha watoto wote bure bila fomu, kwa hiyo wazazi hawajazi chochote, na mtoto asiye na SNAP hana karatasi inayoonyesha kipato cha nyumba yake. Huyo huhitaji maombi yake mwenyewe. Uliza ofisi ya chakula ya wilaya Aprili, siyo Julai.

Thibitisha anwani shuleni kabla ya mwaka kufungwa, maana kadi huja kwa posta na familia zilizohama huikosa. Ikifika usiitupe hata ukidhani ni tangazo. Fedha zisizotumika hurudishwa serikalini baada ya siku 122.

Na hata bila kadi, kiangazi kuna vituo vya chakula kwenye shule, maktaba na bustani. Yeyote wa miaka 18 au chini anakula bure. Katika vituo vya wazi haulizwi jina, uraia wala kipato. Mijini kwa kawaida anatakiwa ale palepale, basi panga nani atawasindikiza wadogo.